Wasiwasi Ndiyo Akili?

Wahenga wetu walisema wasiwasi ndiyo akili, na wahenga hao hao wakasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ziweke methali hizo mbili pamoja uone zinavyogombana. Ya kwanza inamsifu mwenye wasiwasi kwamba ndiye anayeona mbali. Ya pili inamcheka, eti anaona nyoka mahali ambapo pana kipande cha ukindu tu. Ugomvi huo umekaa katika lugha yetu miaka mingi bila kupatiwa hakimu. Kumbe huko Ulaya na Marekani wako watu waliouchukua wakaupeleka maabara, wakaupima kwa saa, tena kwa saa inayogawa sekunde moja katika vipande elfu. Habari ya kesi hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia, ndugu msomaji. Mimi si daktari. Niliishia kidato cha nne, na kazi ninayoiota usiku na mchana ni ya kuandika riwaya. Lakini mwandishi wa riwaya naye anashughulika na vichwa vya watu, siyo? Basi sioni kwa nini habari za vichwa waachiwe madaktari peke yao.

Tuanzie Nashville, katika jimbo la Tennessee, mwaka 1935. Palikuwa na mtu mmoja mtoto wa mkulima, jina lake John Ridley Stroop, aliyesoma katika chuo cha George Peabody. Stroop alichapisha majina ya rangi kwenye karatasi, lakini kila jina akalipaka wino wa rangi nyingine. Hebu jaribu mwenyewe: andika neno KIJANI kwa kalamu nyekundu, chini yake andika NYEKUNDU kwa kalamu ya bluu, endelea hivyo hivyo mpaka karatasi ijae. Sasa zitaje rangi za wino, harakaharaka, bila kuyajali maneno. Utababaika. Wanafunzi wa Stroop walipopewa viraka mia moja vya rangi tupu walivitaja kwa wastani wa sekunde 63. Walipopewa maneno mia moja yanayogombana na wino wake walitumia sekunde 110. Yaani neno ambalo mtu ameambiwa alipuuze linaingia kichwani bila hodi, linakaa sebuleni, na mwenye nyumba anapoteza muda kulitoa nje.

Cha ajabu ni kwamba Stroop mwenyewe hakuufuatilia utafiti huo. Alibaki mjini humo humo akifundisha Biblia katika chuo cha David Lipscomb, akaandika vitabu vya dini, akafariki mwaka 1973. Jaribio lake lilikuja kurudiwa katika maabara za dunia nzima, yeye akiwa ameshahamia katika shughuli nyingine kabisa. Namwonea wivu kidogo. Sisi vijana tunaoandika tunataka jina kabla hata ya kumaliza sura ya kwanza.

Baada ya vita kuu ya pili watu wa maabara wakaanza kujiuliza swali la jirani yake: mtu akizungukwa na sauti nyingi, anachaguaje ya kusikiliza? Mwaka 1953 Colin Cherry wa London aliwavisha watu vipaza sauti vya masikioni, sikio la kulia akaliletea maneno haya, la kushoto yale, akawaambia wafuate upande mmoja tu. Waliweza. Ule upande mwingine hawakuambulia maneno yake, hata lugha ilipobadilishwa wengi hawakutambua. Lakini mwaka 1959 Neville Moray akapenyeza jina la mhusika mwenyewe katika lile sikio lililotupwa, na karibu theluthi moja yao wakalisikia. Basi pana bawabu mlangoni, na bawabu huyo ana orodha ya watu anaowaruhusu kupita bila kuuliza. Jina lako limo. Na nini kingine kimo? Nadhani hapo ndipo kesi ya methali zetu inapofunguliwa, ingawa wenyewe walikuwa hawajajua.

Faili la pili lilifunguliwa Philadelphia, na mtu wake ni Aaron Beck. Huyu alizaliwa mwaka 1921 katika mji wa Providence, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliohama kutoka Ukraine. Utotoni alivunjika mkono uwanjani, kidonda kikaoza, sumu ikaingia kwenye damu, nusura afe. Tangu hapo akawa anaogopa damu na majeraha kiasi cha kutaka kuzimia. Sasa mtu wa namna hiyo akaenda kusomea udaktari! Alijizoeza kidogo kidogo mpaka hofu ikapungua, na naamini elimu hiyo ilimfaa kuliko nyingine nyingi alizopewa darasani.

Beck alifundishwa njia ya Freud, ile ya mgonjwa kulala kwenye kochi na daktari kukaa nyuma yake. Wafuasi wa Freud walishika kwamba mwenye ugonjwa wa huzuni, ule ambao siku hizi tunauita sonona, ana hasira iliyogeuka ikamrudia mwenyewe. Beck alitaka kuithibitisha habari hiyo kwa kuchunguza ndoto za wagonjwa. Alitarajia kukuta hasira. Akakuta watu wanaoota wameshindwa, wameachwa, wamepoteza. Palikuwa pia na mgonjwa mmoja mwanamke aliyekuwa akimsimulia mambo yake ya mapenzi huku akihangaika pale kochini. Beck, kama alivyofundishwa, akamweleza kwamba anahangaika kwa sababu anaona haya kwa anayoyasema. Mwanamke akakana. Akasema kwamba muda wote alikuwa anaogopa kuwa anamchosha daktari.

Msomaji mwenzangu, hapo mimi niliposoma nilifunga kitabu kwanza. Maana hiyo ni siri ya kila mwandishi wa riwaya: chini ya maneno anayoyasema mtu panapita maneno mengine, ya haraka, ya mkato, ambayo mwenyewe hayatilii shaka hata kidogo. Beck aliyaita mawazo yanayojileta yenyewe, na kuanzia miaka ya 1960 akajenga juu yake namna mpya ya kutibu: mgonjwa anafundishwa kuyakamata mawazo hayo, kuyaandika na kuyahoji, kama hakimu anavyomhoji shahidi. Mwaka 1976 akatoa kitabu kilichoieneza njia hiyo. Si kwamba alikuwa wa kwanza duniani. Epictetus, aliyekuwa mtumwa katika dola ya Rumi, alishafundisha kwamba linalomtikisa mtu ni hukumu yake juu ya jambo kuliko jambo lenyewe. Na Kiswahili chetu nacho, ukikiangalia vizuri, kilishamaliza. Tunasema fulani "ana mawazo", na kila mtu anaelewa kuwa fulani huyo hana raha. Washona wa Zimbabwe wanaita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na wanauhesabu kuwa ni ugonjwa.

Lakini Beck aliyapata hayo kwa kuwauliza watu. Mtu mwenye wasiwasi ukimwuliza atakujibu kwa wasiwasi, na huwezi kujua kama ni macho yake yanayoona vibaya au ni mdomo wake tu unaolalamika. Ilibidi ipatikane njia ya kumpima mtu bila kumwuliza. Ndipo karatasi ya Stroop, yule mwalimu wa Biblia, ilipotolewa kabatini.

Mwaka 1985 Andrew Mathews na Colin MacLeod, wakiwa katika chuo cha udaktari cha hospitali ya St George's mjini London, waliwapa wagonjwa wa wasiwasi maneno yaliyoandikwa kwa rangi mbalimbali. Mara hii hayakuwa majina ya rangi. Mengine yalikuwa ya kawaida, mengine ya kutisha, ya magonjwa na ya kuaibishwa. Kazi ikawa ile ile, kutaja wino. Wenye wasiwasi wakachelewa kwenye maneno ya kutisha, na wale ambao shida yao ilikuwa ni kuogopa maradhi ndio waliokwama zaidi kwenye maneno ya maradhi. Mwaka uliofuata Fraser Watts na wenzake wakaonyesha vivyo hivyo kwa watu wanaoogopa buibui: neno tu la utando au miguu lilitosha kuwakwamisha. Buibui mwenyewe hayupo!

Ila bado palikuwa na tundu. Kuchelewa ni kuchelewa tu. Labda mtu alivutwa na neno, labda alishtuka akaganda, labda alijitahidi kulikwepa. Wakili mzuri angeiangusha kesi hiyo asubuhi moja. Kwa hiyo mwaka 1986 MacLeod, Mathews na mwenzao Philip Tata wakatunga jaribio ambalo mimi naliona zuri kuliko yote niliyoyasoma. Kwenye kioo cha kompyuta yanatokea maneno mawili, moja juu, moja chini, kwa nusu sekunde. Moja ni la kutisha na jingine ni la kawaida. Kisha yanafutika, na wakati mwingine mahali pa moja linapokuwa limefutika inatokea nukta. Wewe kazi yako ni kubonyeza kitufe mara uionapo nukta. Basi! Kama macho ya akili yako yalikuwa yamekaa kwenye neno la kutisha, nukta ikitokea hapo hapo utaiwahi. Ikitokea upande wa pili utachelewa. Mwenye wasiwasi sasa hakuonekana kuwa mzito. Kwenye upande wa hatari alikuwa mwepesi. Na wagonjwa wa huzuni hawakuonyesha hivyo, na watu wasio na ugonjwa walielekea kuyapeleka macho yao mbali na neno baya, kama mtu anayepita kando ya dimbwi bila hata kukatisha mazungumzo.

Hilo la mwisho ndilo lililonishangaza. Nilidhani mzima anaitazama dunia ilivyo na mgonjwa ndiye anayeipinda. Kumbe mzima naye anaipinda, ila yeye anaipindia upande wa raha.

Wakaendelea. Mwaka 1989 Mathews, Anne Richards na Michael Eysenck walitumia maneno ya Kiingereza yenye mlio mmoja na maana mbili, kwa mfano la kufa linalotamkwa sawasawa na la kutia nguo rangi, au la maumivu linalofanana na la kioo cha dirisha. Watu waliyasikia wakayaandika. Wenye wasiwasi waliandika zaidi yale mabaya, na waliokwisha kupona walikuwa katikati. Nikawaza, Kiswahili kingewatosha sana watafiti hawa bila kuhangaika. Mwambie mtu aandike sentensi yenye neno "ua". Mmoja atapanda waridi, wa pili atajenga uzio wa makuti, wa tatu atamwaga damu. Mpe "kifungo": huyu anashona shati, yule anahukumiwa miaka saba. Mpe "risasi". Nimewajaribu hivyo rafiki zangu kijiweni kwa mzaha, tukacheka, ila yupo mmoja ambaye majibu yake yote matatu yalikuwa ya polisi na mahakama. Baada ya hapo hatukuendelea na mchezo.

Na yupo mama yangu mdogo. Mumewe alifariki katika ajali ya basi, na habari ilimfikia kwa simu, usiku, kutoka kwa mtu asiyemjua. Mpaka leo simu ikilia baada ya magharibi anauliza, "Nani kafa?" Mtoto akichelewa shule robo saa yeye keshavaa kanga, yuko barabarani. Majirani wanasema ana jini. Kaka yake anasema hana kazi ya kufanya, angekuwa na shamba asingewaza. Wapo pia wanaomwambia, "Shangazi, wewe fikiria mazuri tu," kana kwamba mazuri yako rafuni anakataa kuyachukua. Nilipomweleza habari ya nukta alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi naiwahi." Nikamwambia ndiyo, shida ni kwamba unaiwahi na isipokuwepo. Akasema, "Ile siku ilikuwepo."

Sikuwa na jibu, na sidhani London walikuwa nalo. Mwaka 1983 Gillian Butler na Mathews walionyesha kuwa wenye wasiwasi wanakadiria mabaya kuwa na nafasi kubwa ya kuwapata, wao hasa kuliko wengine. Lakini kipimo cha kukadiria sana kinategemea mabaya yenyewe hupita mtaani kwako mara ngapi. Anayeishi mahali ambapo mabasi hayapinduki na homa haichukui watoto ana haki ya kumwita mwenzake mwoga. Huku kwetu lazima swali liulizwe kwa unyenyekevu zaidi. Ila nalo hili niliseme: mama mdogo hapumziki, na barabara haijawahi kuwa salama zaidi kwa sababu yeye hakulala.

Turudi kwenye kesi. Mpaka hapo ilijulikana kwamba wasiwasi na jicho la hatari vinatembea pamoja, ila haikujulikana nani kamzaa mwenzake. MacLeod, ambaye alikuwa amehamia Perth, Australia, akaigeuza ile mashine ya kupimia ikawa ya kufundishia. Katika kazi aliyoichapisha na wenzake mwaka 2002, wanafunzi walifanyishwa mazoezi mamia ya mara: kundi moja nukta zao zilitokea upande wa neno la kutisha, jingine upande wa neno la kawaida. Baada ya mazoezi hali zao zilikuwa sawa. Wakapewa mafumbo ya herufi zilizovurugwa, mengine magumu kabisa, ili wabanwe. Ndipo tofauti ikatoka. Waliozoezwa kuangalia hatari waliumia zaidi. Kwa hiyo jicho linaweza kuzaa hofu, na jicho linafundishika!

Unaweza kufikiri shangwe iliyofuata. Tiba bila dawa, bila kochi, bila kumsimulia mtu aibu zako, ni kubonyeza kitufe tu. Mwaka 2009 huko Tallahassee, Florida, Norman Schmidt na wenzake waliwazoeza watu wanaoogopa sana mbele za watu, vipindi vinane vifupi. Asilimia 72 ya waliozoezwa hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa, dhidi ya asilimia 11 ya waliopewa mazoezi ya bandia. Lakini watu wenyewe walikuwa 36 tu. Ukisoma namba kama hizo ni vizuri ukae chini kwanza.

Mwaka 2012 Per Carlbring na wenzake huko Uswidi walijaribu tiba hiyo hiyo kwa watu 79, wakiwa majumbani mwao mbele ya kompyuta. Hapakuwa na tofauti kati ya mazoezi ya kweli na ya bandia. Mwaka 2015 Ioana Cristea na wenzake wakakusanya majaribio ya aina hii yaliyokuwepo, wakakuta faida ni ndogo, na dalili kwamba majaribio yaliyoshindwa hayakuchapishwa. Jambo hilo lina jina tangu mwaka 1979, alipoliandika Robert Rosenthal: matokeo matamu huenda gazetini, machungu hubaki ndani ya mtoto wa meza. Na palikuwa na onyo la zamani lililopuuzwa. Mwaka 2005 Stefan Schmukle alimpima mtu yule yule kwa nukta, akampima tena baada ya wiki, majibu hayakufanana. Mizani ikikupa kilo hamsini Jumatatu na themanini Jumatatu nyingine, utauza nini?

Kilele kilikuwa mwaka 2019. Anne-Wil Kruijt, Sam Parsons na Elaine Fox, huyu wa mwisho akiwa amefanya kazi hii miaka mingi, waliangalia vipimo vya wagonjwa walivyokuwa kabla ya kuanza tiba. Hawakuona kwamba kwa wastani wagonjwa hao walivutwa na hatari. Ilhali mwaka 2007 Yair Bar-Haim na wenzake walikuwa wamejumlisha tafiti 172 wakasema mvuto upo. Nionavyo mimi, maabara nazo zilikuwa na jicho lao. Zilitazama upande ambao nukta ilitarajiwa, zikaiwahi, na upande wa pili zikachelewa. Sisemi hivyo kwa kuwadharau. Elaine Fox angeweza kunyamaza akalinda kazi ya maisha yake, na hakunyamaza. Waandishi wangapi wa riwaya tungeweza kusaini tamko kwamba mhusika wetu mkuu huenda hayupo?

Upande wa Beck, ule wa kuongea na kuhoji mawazo, haukuanguka. Mwenyewe aliishi miaka mia moja kamili, akafariki Novemba 2021. Na njia hiyo imefika huku. Shannon Dorsey na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020, walifanya majaribio na watoto 640 waliofiwa na wazazi, katika maeneo ya Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, mjini na vijijini. Watoa ushauri hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa, wakakaa na watoto na walezi wao, wakawasaidia kuisimulia ile siku mpaka mwisho na kuyaangalia mawazo waliyoachiwa nayo. Baada ya mwaka mzima, kule Bungoma waliopata msaada huo walikuwa mbele waziwazi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kule Moshi makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu karibu sawasawa, hata wale ambao hakuna aliyewafundisha kuhoji wazo lolote.

Nimemwambia mama mdogo na habari hiyo ya Moshi. Ameniuliza hao watoto wa kundi la pili walikuwa wakilala kwa nani.